Msanii na Tarehe ya Malipo

Mnamo Oktoba 2025, serikali ya Ayalandi ilitangaza katika bajeti yake ya mwaka 2026 kwamba mpango wa kuwapa wasanii kipato cha kila wiki, uliokuwa wa majaribio tangu 2022, sasa utakuwa wa kudumu. Habari hiyo ilipofika mitandaoni ilikuwa imeshakonda, imebaki sentensi moja: Ayalandi inawalipa wasanii mshahara. Wasanii wakashangilia kana kwamba mlango wa pepo umefunguliwa. Wasiowapenda wasanii wakauliza ni lini serikali itaanza kuwalipa na wanaolala mchana. Nimeyafuatilia mabishano hayo kwa muda, na kadiri ninavyoyasikiliza ndivyo ninavyoona kwamba pande zote mbili zinabishania jambo ambalo Ayalandi haikulifanya.

Hoja yangu ni hii. Ukiyaweka kando maneno mengi kuhusu kipaji na uhuru wa kubuni, walichopewa wasanii wale ni siku ya malipo inayojulikana. Msanii wa kawaida, yule anayefahamika mtaani kwake na pengine mtaa wa pili, anaweza kuishi na kipato kidogo. Wengi wameishi hivyo maisha yao yote. Kinachomng'oa kwenye sanaa ni kutojua hicho kidogo kitafika lini. Tukilielewa hilo, tutaona pia kwamba nchi isiyo na mfuko wa Ayalandi ina njia nyingine za kufika palepale, na baadhi yake haziigharimu hazina karibu chochote.

Kwanza tuuangalie mpango wenyewe, maana wengi wanaoutaja hawajausoma. Waombaji walikuwa zaidi ya 9,000. Waliochukuliwa ni 2,000 tu, na hawakuchaguliwa kwa ubora wa kazi zao. Waliotimiza masharti waliingizwa kwenye kura ya bahati nasibu. Kila aliyepata alilipwa euro 325 kwa wiki, fedha zinazohesabiwa kwenye kodi kama mapato mengine. Kwa gharama za maisha za Ayalandi, hicho si kiasi cha kumfanya mtu aache kazi na kununua gari. Pembeni wakawekwa wasanii wengine 1,000 ambao hawakupewa kipato hicho, ili watafiti wapate wa kuwalinganisha nao. Waliopewa walitumia muda mwingi zaidi kwenye sanaa yao, walinunua vifaa zaidi, na wasiwasi wao ulipungua. Uchambuzi wa gharama na faida uliotolewa mwaka 2025 ulisema kila euro 1 ya umma ilirudisha euro 1.39 kwa jamii. Wanaoupenda mpango huipeperusha namba hiyo kama bendera, lakini ni haki kusema kwamba sehemu kubwa ya faida iliyohesabiwa ni nafuu ya kimaisha na kiakili waliyoipata wasanii wenyewe, iliyogeuzwa kuwa fedha kwa kanuni za wachumi. Anayetaka kuipinga namba hiyo ana pa kushikia.

Mimi namba hiyo hainishughulishi sana. Kinachonishughulisha ni kwamba euro 325, kiasi kisichomtosha mtu kupanga nyumba nzuri Dublin, kiliweza kubadilisha namna watu wanavyofanya kazi. Ukiuliza kwa nini, jibu la "walikuwa na pesa zaidi" halitoshi, kwa sababu msanii anaweza kupata kiasi kilekile kwa mwaka na maisha yake yasibadilike hata kidogo. Niliwahi kuandika kwenye daftari, mwaka mzima, kila malipo yaliyoingia na siku yaliyoingia. Jumla haikuwa ya kuonea aibu. Lakini zaidi ya nusu yake iliingia katika miezi mitatu, na kulikuwa na miezi minne ambayo haikuingia hata senti, nami katika miezi hiyo minne sikuwa nimekaa. Nilikuwa nachora usiku na mchana kazi ambazo zingelipwa baadaye. Malipo makubwa kuliko yote yalikuja miezi mitano baada ya mteja kuipokea kazi na kuisifu. Ngoja ngoja huumiza matumbo, wanasema. Kwa msanii huanza kuumiza mkono.

Nieleze ninachokusudia, maana hapa ndipo mambo yanapoharibikia. Mtu asiyejua fedha ijayo itaingia lini hukubali kila kazi inayogonga mlango, hata ile anayojua itamla wiki tatu kwa bei ya wiki moja, kwa sababu hawezi kusema hapana. Akikubali kwa bei ya chini leo, mteja wa kesho ataisikia bei hiyo, na anayechora jirani yake naye itabidi ashushe ya kwake. Hanunui rangi wala kamera wala nyuzi mpya za gitaa kwa wakati unaofaa. Hununua siku fedha ilipoingia, iwe inahitajika au la, kwa kuwa asiponunua leo itakuwa imeshakwenda kwenye deni. Na zaidi ya yote, haanzi kazi ndefu. Riwaya, tamthilia ya saa mbili, albamu yenye mpango mmoja, mfululizo wa picha arobaini zinazohusu jambo moja, zote hizo zinadai mtu aione miezi sita mbele. Asiyeiona wiki ijayo atafanya kinachouzika wiki hii. Ndipo tunapowalaumu wasanii wa karibu kwamba wanarudia picha zilezile za machweo na nyimbo zilezile za mapenzi, tukidhani fikra zimewaishia. Mara nyingi kilichoisha ni muda wa kuona mbele.

Tena hali hii haikuletwa na uzembe wa wasanii katika kupanga, kama wanavyopenda kusema watu wa semina za ujasiriamali. Imo katika maumbile ya kazi yenyewe. Katika kazi nyingi fundi hulipwa kadiri anavyofanya; msanii hubeba gharama yote mwanzoni na hulipwa mwishoni, kama atalipwa. Mwaka 1966 wachumi wawili wa Marekani, William Baumol na William Bowen, waliongeza ugumu mwingine juu ya huo. Walionyesha kwamba kipande cha muziki cha wapiga ala wanne kinahitaji watu walewale wanne na dakika zilezile kilizohitaji karne iliyopita, wakati kiwandani mashine imeongeza tija mara nyingi. Mishahara ya jumla hupanda kwa sababu ya viwanda hivyo, na gharama za maisha za wapiga ala hupanda nayo, lakini wao hawawezi kupiga haraka zaidi ili kuifidia. Kwa hiyo anayemwambia msanii "ongeza uzalishaji" anamwambia apige wimbo wa dakika tano kwa dakika mbili.

Sasa tuwasikilize wapinzani. Hoja yao inayopendwa kuliko zote ndiyo dhaifu kuliko zote: kwamba sanaa kubwa huzaliwa na njaa, na msanii aliyeshiba hulala. Shahidi wao wa kudumu ni Vincent van Gogh, maskini aliyefia mashakani. Shahidi huyo anawageuka. Van Gogh alianza uchoraji kwa dhati mwaka 1880 na akafariki 1890, na katika miaka hiyo kumi alifanya kazi zaidi ya 2,000, zikiwemo picha za rangi ya mafuta karibu 860. Karibu muda wote huo alikuwa akiishi kwa fedha alizotumiwa na mdogo wake Theo, muuzaji wa sanaa mjini Paris, ambaye alimtumia pia rangi na turubai. Barua zake zimejaa hesabu: zilizofika, zilizotumika, zinazosubiriwa. Aliteseka kweli, na mara nyingi alizimaliza fedha kabla ya siku, lakini alikuwa na kile ambacho wasanii wengi wa leo hawana, mtu mmoja aliyemtumia fedha tena na tena bila kungoja picha iuzwe. Kama kuna mtu katika historia ya uchoraji aliyeishi kwa kipato cha msingi kama kile cha Ayalandi, ni huyo huyo wanayemtolea mfano wa njaa.

Hoja yao ya pili ina uzito zaidi: basi msanii atafute kazi nyingine, afanye sanaa jioni. Hapa nakubaliana nao kuliko wasanii wenzangu wanavyopenda. Mchoraji Henri Rousseau alikuwa mtoza ushuru mjini Paris hadi alipostaafu mwaka 1893, akiwa na miaka 49. Mwandishi Mwingereza Anthony Trollope alifanya kazi ya posta kwa zaidi ya miaka thelathini, akiamka kuandika saa kumi na moja na nusu alfajiri kabla ya kwenda ofisini, na aliacha riwaya 47. Mtunzi wa muziki Philip Glass alikuwa fundi bomba na dereva wa teksi jijini New York, na aliendelea kuendesha hata baada ya opera yake kuchezwa katika jumba maarufu la Metropolitan Opera jijini humo mwaka 1976. Hakuna aibu hapo, na ile dhana kwamba msanii halisi ni yule asiyefanya lolote jingine imewatesa vijana wengi bure.

Lakini ebu tazama kazi zenyewe zilikuwa za namna gani. Posta ya Trollope ilikuwa na saa zake na mshahara wake. Aliweza kuipa riwaya alfajiri kwa sababu alijua saa tatu itakuwa ya nani. Glass angeweza kupanga saa za muziki na saa za usukani. Kazi za pembeni wanazozipata wasanii wengi siku hizi ni vibarua vya kuitwa kwa simu: leo zamu ipo, kesho haipo, ukikataa mara mbili jina lako linashuka kwenye orodha. Mtu akikimbia sanaa isiyo na tarehe akaenda kwenye kibarua kisicho na tarehe, hajapata nguzo ya kuegemea. Amepata tatizo lilelile mara mbili. Kwa hiyo ushauri wa "tafuta kazi" ni mzuri kwa sharti moja, kwamba kazi hiyo iwe na ratiba, hata kama mshahara wake ni mdogo. Ningemshauri mwanamuziki kijana achukue nusu siku ya kufundisha shuleni yenye ratiba ya muhula mzima kabla ya kuchukua kibarua kinacholipa mara mbili na hakijulikani.

Kuna wanaosema mtandao umeshalimaliza suala hili. Mwaka 2008 Kevin Kelly, mwandishi wa Marekani wa masuala ya teknolojia, aliandika kwamba mbunifu anahitaji mashabiki wa kweli 1,000 tu, kila mmoja akitoa dola 100 kwa mwaka. Hesabu ni tamu, na kuna walioifikia. Ila 1,000 hao hawaji peke yao. Hulelewa kila siku kwa picha, video, majibu na salamu, na kazi hiyo ya ulezi hailipwi. Na mlango wenyewe ni wa mtu mwingine: tangu 2024 wimbo usiofikisha mara 1,000 za kusikilizwa ndani ya miezi kumi na miwili haulipwi mrabaha wa rekodi kwenye Spotify. Kwa mwanamuziki ambaye wasikilizaji wake ni mia tatu wanaomjua kwa sura, kanuni hiyo imemfuta kwenye daftari bila yeye kufanya kosa lolote. Nisingependa kutumia maneno mengi zaidi hapa. Mtandao ni duka zuri na mwajiri mbaya.

Hoja ngumu kuliko zote ni ya haki. Kwa nini mchoraji apewe kipato cha uhakika, na fundi cherehani au msafishaji wa nyumba, ambaye kipato chake kinayumba vilevile, asipewe? Nimesoma majibu mengi na hakuna lililoniridhisha. Kusema sanaa ni roho ya taifa ni kweli, lakini nyumba safi na nguo iliyoshonwa navyo ni sehemu ya utu. Na bahati nasibu ya Ayalandi, ambayo naiheshimu kwa kukubali kwamba hakuna kamati inayoweza kujua nani atakuwa msanii bora, iliwaacha nje maelfu waliokuwa na sifa zilezile. Uholanzi ilijaribu njia nyingine kuanzia 1949: msanii analeta kazi, serikali inalipa. Ulipofika mwaka 1987 mpango ule ukafungwa, na ghala zilikuwa zimejaa mamia ya maelfu ya picha na vinyago ambavyo vingi havikuwa na pa kutundikwa. Funzo la Uholanzi si kwamba wasanii ni wavivu. Ghala lile linathibitisha kinyume chake. Ni kwamba ukilipa kwa idadi ya vitu utapata idadi ya vitu. Ayalandi ililipa muda, ikaepuka ghala, lakini swali la fundi cherehani bado limesimama mlangoni.

Na hata fedha ya kudumu si ya kudumu daima. Mwaka 1809 mtunzi wa muziki Beethoven alitaka kuondoka Vienna kwenda kutumikia kasri la mfalme wa Westphalia, huko Ujerumani. Makabaila watatu, Rudolph, Kinsky na Lobkowitz, wakamwekea mkataba wa florini 4,000 kwa mwaka ili abaki. Mwaka 1811 Austria ikashusha thamani ya fedha yake. Mwaka uliofuata Kinsky akaanguka kutoka kwenye farasi na kufa, na Lobkowitz naye akaingia kwenye madeni. Mtunzi mkubwa kuliko wote wa zama zake akajikuta akidai haki yake kwa warithi. Hiyo ndiyo hatari ya kila kipato kinachotegemea ukarimu, uwe wa mtu au wa bajeti: kinaweza kuanguka na farasi.

Ndiyo maana macho yangu yanakwenda kwenye njia zisizotegemea ukarimu. Jiji la New York lilianza mwaka 2017 kutumia sheria inayomlinda anayefanya kazi bila ajira ya kudumu: kazi yenye thamani ya dola 800 na kuendelea lazima iwe na mkataba wa maandishi, na kama mkataba hautaji siku, malipo yafanyike ndani ya siku 30 baada ya kazi kukamilika. Asiyelipa anaweza kudaiwa maradufu. Umoja wa Ulaya, kwa maagizo ya mwaka 2011, unazitaka taasisi za umma kwa kawaida zilipe ankara ndani ya siku 30. Tazama jinsi sheria hizi zinavyolijibu swali la haki: zinamfaa mchoraji, mpiga picha, mfasiri na mtengeneza tovuti kwa pamoja, hazimwiti yeyote roho ya taifa, na wala hazisubiri bajeti. Mara nyingi mchelewaji mkubwa ni ofisi ya umma yenyewe, inayokialika kikundi cha ngoma kutumbuiza mbele ya wageni na kukilipa msimu unaofuata. Serikali inayotaka kuwasaidia wasanii ingeanza kwa kulipa madeni yake kabla ya kuunda mfuko wa kuwakopesha.

Ujerumani ilikwenda mbali zaidi kwa upande mwingine. Tangu 1983 msanii anayejitegemea huko hulipa nusu tu ya michango yake ya bima ya afya na pensheni, kama mwajiriwa. Nusu nyingine hulipwa na makampuni yanayotumia kazi za wasanii pamoja na ruzuku ya serikali. Hapewi mshahara. Lakini ugonjwa hautamfilisi, na uzee wake una kitu kinachousubiri. Ufaransa nayo humhesabia msanii wa jukwaani saa zake, na akifikisha 507 ndani ya miezi kumi na miwili, ile miezi isiyo na onyesho hulipwa na bima ya ukosefu wa kazi. Mpango huo umepigiwa kelele na kuzua migomo kwa miongo kadhaa, lakini umesimama juu ya wazo ambalo nadhani ni la busara kuliko lolote katika uwanja huu: kwamba mwezi wa mazoezi ni mwezi wa kazi. Anayemwona mwigizaji jukwaani kwa saa mbili na kudhani amefanya kazi saa mbili hajawahi kuona mtu akijifunza maneno ya kurasa tisini.

Haya yote ni ya serikali, na msanii anayesoma hapa huenda anaishi mahali ambapo hakuna hata moja. Kwake yeye matokeo ya hoja hii ni madogo na ya kuchosha. Mazungumzo na mteja yaanze na tarehe, halafu yaende kwenye bei, maana mteja anayebishania bei anafanya biashara, lakini anayekwepa kutaja tarehe ameshakuambia kitu. Sehemu ya fedha itangulie kabla penseli haijagusa karatasi, nyingine ifike katikati, ili mwisho usibebe kila kitu. Malipo makubwa yakija yasihesabiwe kuwa ya mwezi huo. Yagawanywe kwa miezi ambayo kazi ilichukua, msanii ajilipe mwenyewe kidogokidogo siku ileile kila mwezi, kama Theo aliyehamia mfukoni. Na wasanii wa mji mmoja waambiane nani hulipa lini. Tunaambiana mengi, nani kaiga mtindo wa nani na nani kavunja bendi, lakini habari hiyo moja yenye faida tunaificha kwa kuogopa kukosa kazi, na mchelewaji anaishi kwa ukimya wetu.

Tangu lile daftari langu, siku ya malipo inakaa kwenye mstari wa pili wa kila mkataba wangu, chini ya jina la mteja, juu ya maelezo ya kazi. Mwaka wa kwanza mteja mmoja alikasirika akaenda kwa mwingine. Waliobaki walisaini, na wawili kati yao waliniuliza kwa nini sikuwa nimeiweka tangu mwanzo.